Barua ya wazi kwa wasimamizi wa masomo endelevu ya mawakili: mfungulieni karani mlango

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Malindi. Mimi ni yule mtu wa kompyuta mnayemwalika kwenye semina zenu awasomeshe mawakili wa ofisi ndogo mambo ya teknolojia. Siku ambazo hakuna semina natengeneza mashine za ofisi hizo hizo, kuanzia zilizoko hapa barabara ya Lamu hadi za Amu, yaani mji wa Lamu kwenyewe. Kwa hivyo wanafunzi wangu nawajua kwa sura mbili: nawaona ukumbini wakitazama projekta, na nawaona ofisini mwao printa ikiwa imegoma na kesi inatajwa saa tatu.

Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili asiye na muda wa kusoma yote awe amelisikia. Semina za teknolojia mnazoandaa ziwe wazi kwa makarani. Wasiingizwe kwa hisani wakae viti vya nyuma kama wageni, bali waandikishwe, wafundishwe na wapewe cheti. Na mafunzo yenyewe yafanywe juu ya kazi halisi ya ofisi, slaidi zipungue.

Ofisi ndogo ya uwakili kwetu huku ni chumba kimoja au viwili ghorofani, juu ya duka la simu au la vitambaa. Ndani mna wakili mmoja, karani mmoja, kabati la majalada na feni. Asubuhi wakili yuko mahakamani; adhuhuri yuko na mteja, au yuko Watamu anaoneshwa mipaka ya ploti; akirudi ofisini jua limeshapinda, anatia saini vilivyowekwa mezani, anakwenda zake. Anayefungua baruapepe ya ofisi ni karani. Anayeskani hati, anayezipakia kwenye mfumo wa mahakama, anayelipa ada kwa M-Pesa na kuhifadhi risiti, anayetazama orodha ya kesi za kesho usiku akiwa nyumbani kwake kwa bando lake mwenyewe, ni karani. Nywila zote anazo yeye. Nikimwuliza wakili nywila ya mashine ninayoitengeneza, jibu huwa ni kuchukua simu na kumtafuta karani.

Huyo tunamwacha ofisini, tunamwita bosi wake hotelini afundishwe kazi asiyoifanya. Ni sawa na kumfunza tajiri wa jahazi kutweka tanga, baharia ameachwa pwani.

Semina zenyewe mnazijua. Wakili lazima apate pointi 5 kila mwaka ndipo apewe cheti cha kufanya kazi mwaka unaofuata, na ikifika mwisho wa mwaka aliyepungukiwa huhudhuria chochote kilichopo. Ukumbi una kiyoyozi, chai ya saa nne ina sambusa, na mgeni kutoka Nairobi anaonesha mfumo wa kuendesha ofisi unaolipiwa kwa dola kila mwezi kwa kila anayeutumia. Wakili wa Malindi ambaye nusu ya wateja wake humlipa kidogo kidogo anatazama bei, anatabasamu kwa adabu, anageukia simu yake. Siwalaumu walioandaa. Ukumbi unalipiwa, na kampuni inayouza mfumo huchangia gharama. Lakini tangazo la biashara lisihesabiwe somo.

Nitawapa mfano wa semina mojawapo. Nilikuwa nafundisha namna ya kuwasilisha hati mahakamani kwa mtandao. Safu ya pili alikaa wakili mmoja, mtu mzima, msikivu, simu yake ikilialia kila dakika. Wakati wa chai akanijia akaninyoshea ile simu: "Mwalimu, hebu sema naye mwenyewe, mimi sielewi anachoniambia." Upande wa pili alikuwa karani wake. Mfumo unakataa faili, na siku ya mwisho ya kuwasilisha majibu ni leo. Nikamuuliza kalipataje faili hilo. Kumbe alikuwa amepiga picha kurasa za kiapo moja moja kwa kamera ya simu, kila picha kwa ukubwa wake wote, kisha akaziunganisha. Faili likawa zito kupita kiasi. Nikamwelekeza programu ya bure ya kuskani iliyo tayari ndani ya simu yake, aiweke kwenye rangi nyeusi na nyeupe, aanze upya. Chai haijapoa, hati imeingia.

Nilirudi mbele ya ukumbi nikaendelea na slaidi zangu, nikijua kwamba somo la siku ile nimeshalitoa, na aliyelipokea hayumo chumbani.

Mahakama ilianza kupokea kesi kwa mtandao Nairobi mnamo Julai 2020, na Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akauzindua mpango huo kwa mahakama zote nchini. Tangu hapo kazi iliyokuwa ya miguu imekuwa ya vidole. Zamani karani alipanga foleni masjala, akagongewa muhuri, akarudi na nakala yake kwapani. Akikosea, mtu wa masjala alimrudisha pale pale kwa mdomo. Sasa anakosea peke yake mbele ya kioo, na kosa linajulikana siku ya kutajwa kesi, mbele ya hakimu, wakili akiwa amesimama.

Na makosa yenyewe si ya ajabu. Ukurasa umepigwa picha na kivuli cha mkono kimelala juu ya saini ya shahidi. Kielelezo cha tatu kimetangulia cha kwanza. Faili linaitwa Scan_0047, la pili linaitwa Scan_0047 mpya, la tatu Scan_0047 mpya MWISHO, na mwezi ujao hakuna anayejua lipi liliwasilishwa. Maandishi yameskaniwa kama picha tupu, kwa hivyo jaji akitaka kutafuta jina ndani ya kurasa mia mbili hana njia ila kuzipekua moja moja. Kila moja ya haya hufundishika kwa nusu saa, mwanafunzi akiwa na karatasi zake mwenyewe mbele yake. Kwa slaidi hayafundishiki.

Msidhani mambo ya karatasi ni madogo. Tarehe 30 Aprili 2018, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua hapa Malindi kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake kuhusu bandari ya Lamu, na wavuvi 4,600 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hebu fikirieni kesi ya aina hiyo ikija leo kwa mfumo huu wa mtandao: viapo, ramani, ripoti za mazingira, orodha za majina ya watu kutoka visiwa vyote. Hoja atatoa wakili. Lakini mtu fulani atakaa usiku kucha akiyapanga hayo yote yafunguke, yasomeke na yafuatane, na mtu huyo hajawahi kualikwa kwenye semina yoyote.

Sasa niingie kwenye lile linalonikosesha usingizi, nalo ni pesa za wateja.

Mji wetu una mauziano ambayo muuzaji yuko Milano, mnunuzi yuko Nairobi, nyumba iko Casuarina, na pesa zote zinapita kwenye akaunti ya wakili mwenye chumba kimoja ghorofani. Mwizi wa mtandao hahitaji kuvunja mlango. Anatuma ujumbe unaosema umepokea hati, bofya hapa uifungue. Ukurasa unaofunguka unafanana na ule wa kuingilia baruapepe. Karani anaandika nywila. Hakuna kinachotokea, anadhani mtandao ni mbovu, anaendelea na kazi. Mwizi ameshaingia, na haibi kitu siku hiyo. Anaweka kanuni ndani ya sanduku la barua ili kila ujumbe wenye neno la malipo au akaunti umfikie na yeye, kisha anatulia. Anasoma. Anajua jina la muuzaji, namna anavyosalimu, siku ya kukamilisha mauzo. Siku hiyo ikikaribia, unaingia ujumbe ndani ya mazungumzo yale yale, kwa lugha ile ile, kutoka kwenye anwani iliyotofautiana na ya kweli kwa herufi moja tu, r na n zimewekwa pamoja zikaonekana kama m. Muuzaji anasema benki yake ina ukaguzi, tafadhali pesa zitumwe kwenye akaunti hii nyingine. Pesa zinatumwa, na mpaka muuzaji wa kweli anapiga simu kuuliza mbona kimya, zimeshatolewa.

Dawa yake haihitaji mfumo wa dola. Akaunti haibadilishwi kwa baruapepe, abadan. Anayetaka kuibadilisha hupigiwa simu kwa namba iliyoandikwa kwenye jalada siku lilipofunguliwa, si namba iliyokuja na ujumbe huo. Sanduku la barua lifunguliwe kwa hatua mbili, nywila na namba inayokuja kwenye simu. Na kila mwezi mtu aingie kwenye mipangilio atazame kama kuna kanuni ya kupeleka barua kwingine ambayo hakuiweka yeye.

Hilo la mwisho huwa nalifanya zoezi ukumbini. Nawaambia mawakili: fungueni sanduku la ofisi sasa hivi, twende pamoja kwenye mipangilio. Wachache hufungua. Wengine wanatazamana. Nywila ya sanduku la ofisi hawaijui. Zoezi linafia hapo, tunaendelea na slaidi inayofuata.

Kuna somo jingine ambalo karani akiliona mara moja halisahau. Kwenye kesi za watoto jina la mtoto hufichwa. Ofisi nyingi huficha kwa kuchora kisanduku cheusi juu ya jina ndani ya kompyuta. Machoni limefichika. Lakini herufi bado zipo chini ya weusi. Ukiburuta kipanya juu yake, ukanakili, ukabandika kwingine, jina linatokea zima. Tarehe 8 Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha hati mahakamani Washington yenye visanduku hivyo, na waandishi wa habari wakasoma yote yaliyokusudiwa kufichwa kwa njia hiyo hiyo ya kunakili na kubandika. Kesi ile ilikuwa inatazamwa na dunia nzima. Basi karani wa Malindi ambaye hajafundishwa na mtu ana kosa gani? Afundishwe tu: ficha, chapisha kwenye karatasi, skani upya, kisha jaribu mwenyewe kunakili kabla hujatuma.

Ushahidi wa simu nao ni vivyo hivyo. Siku hizi hakuna mgogoro wa kodi ya nyumba wala wa ndoa usiokuja na meseji za WhatsApp. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ni rekodi gani, imepatikanaje, kwa kifaa gani, kikiwa na saini ya mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho. Wakili anaijua sheria hiyo kwa moyo. Lakini meseji zilitoka kwenye simu ya mteja, zikatumwa kwa karani, karani akazipeleka saiba jirani zikachapishwa kwenye mashine isiyo yake. Anayesimulia njia hiyo yote ndani ya cheti ni nani? Ndiye huyo huyo mnayemwacha nje. Akifundishwa mapema, hatazipeleka saiba tangu mwanzo.

Na akili mnemba, maana najua mtauliza. Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho New York, katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zenye kesi ambazo hazijawahi kuwepo. ChatGPT ilizitunga, majina na namba, nao wakazipeleka. Mawakili wetu wameisikia hadithi hiyo na wengi wanasema, "Mimi siitumii." Pengine ni kweli. Karani anaitumia, kwenye simu yake, saa mbili usiku, kwa sababu ameambiwa rasimu iwe mezani asubuhi. Anaitumia vizuri kuliko tunavyodhani, na hakuna aliyemwambia kwamba mashine hiyo inaweza kubuni kesi kwa ujasiri ule ule inaotajia kesi ya kweli. Wala hakuna aliyemwonesha kwamba hukumu zetu ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law bila malipo, na kwamba kuihakiki kesi moja ni kuitafuta pale, kuifungua na kuisoma. Ikiwa haipo pale, aifute au amwoneshe wakili. Tena aambiwe asibandike humo jina la mteja wala maelezo ya kesi. Haya ni mafundisho ya asubuhi moja.

Mtaniambia semina hizi ni za mawakili kwa mujibu wa sheria, karani hana pointi za kutafuta. Sikatai. Lakini sheria yenyewe haikumsahau karani. Siri ya wakili na mteja ndani ya Sheria ya Ushahidi imeenezwa ikamfunga mkalimani na karani wa wakili pia. Karani amebebeshwa siri. Tumnyime mafunzo ya kuitunza? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inataka uvujaji wenye hatari kwa wenye data uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Saa hizo zinahesabiwa tangu ofisi ijue. Katika ofisi ya watu wawili, atakayekuwa wa kwanza kuona kwamba kuna kitu hakiko sawa ni yule aliye mbele ya kompyuta. Akiwa hajui kwamba alichokiona ni uvujaji, ataizima mashine, aiwashe tena, aombe Mungu. Na faini ya sheria hiyo inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo. Kwa ofisi kubwa ni usumbufu, kwa ofisi ndogo hata kabla ya faini jina limeshaharibika mjini, na mji wetu ni mdogo.

Wenzetu wa Marekani wamelitazama jambo hili kwa muda. Mwaka 2012 chama chao cha mawakili, American Bar Association, kiliongeza kwenye maelezo ya kanuni zake za mfano za maadili ya mawakili kwamba wakili anapaswa kufuatilia faida na hatari za teknolojia inayohusiana na kazi yake. Florida ikawa jimbo la kwanza kulazimisha masomo ya teknolojia, kuanzia 2017: saa 3 katika kila miaka mitatu. Hapo ndipo watu wengi hukomea wanapotoa mifano ya huko. Lakini kanuni hizo hizo zina ile ya 5.3, inayomtaka wakili ahakikishe kwamba wasaidizi wake wasio mawakili wanafanya kazi kwa namna inayolingana na wajibu wake yeye, na akijua kosa lao akanyamaza linaweza kuwa lake. Zikisomwa mbili hizo pamoja, karani hawezi kubaki nje ya darasa. Sisemi tuige kila kitu cha Florida. Nasema tusichukue nusu.

Upinzani wa kweli, niwaambie, hautoki kwenye vitabu vya sheria. Mawakili wenyewe huninong'oneza: karani akifundishwa, ataondoka. Ataenda Mombasa kwenye ofisi kubwa, au atafungua saiba yake mbele ya mahakama awauzie wengine ujuzi niliomlipia mimi. Naam, wengine wataondoka. Nimewaona waliofanya hivyo na wanaendelea vizuri, na mawakili wale wale sasa wanapanga foleni kwenye saiba zao. Lakini karani asiyefundishwa naye huondoka, tena akiondoka huenda na nywila zote kichwani. Ofisi moja hapa mjini ilikaa siku kadhaa bila kuingia kwenye akaunti yake ya mfumo kwa sababu namba ya kuthibitisha ilikuwa inatumwa kwenye simu ya karani aliyeshahama. Kuhama kwa mtu si tatizo ikiwa akaunti imefunguliwa kwa namba ya ofisi na nywila zimehifadhiwa mahali pa ofisi. Hilo pia ni somo, na la kwanza kufundishwa lingekuwa hilo, wote wawili wakiwa meza moja, wakili na karani, ili kila mmoja asikie mwenziwe anaahidi nini.

Meza moja. Hapo ndipo ningependa tufike. Ofisi ije kama ofisi: wakili, karani, laptopu yao, na jalada moja ambalo limeshafungwa na halina siri iliyobaki, au nakala iliyobadilishwa majina. Ofisi zisizidi kumi kwa chumba, maana zikizidi hapo mwalimu anakuwa mhubiri. Asubuhi wanaskani, wanayapa mafaili majina, wanapanga kielelezo kwa kielelezo mpaka kifurushi kifunguke vizuri kwenye simu, si kwenye kompyuta tu. Baada ya sala na chakula wanafungua mipangilio ya baruapepe, wanaweka hatua mbili, wanatafuta zile kanuni za wizi. Wakili atachoka kabla ya karani, najua, na ataanza kutazama saa. Mwacheni achoke. Atakuwa amemwona karani wake akifanya kazi kwa mara ya kwanza.

Maongezi yawe kwa Kiswahili, hati zikibaki katika lugha zilizoandikiwa. Nimeona chumba kikinyamaza kwa Kiingereza kikachangamka kwa Kiswahili ndani ya dakika, mawakili wakiwa wa kwanza kuuliza.

Na mje Lamu. Mwenye ofisi kule akitaka kuhudhuria semina ya Malindi hupanda boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, alale, ahudhurie, alale tena, arudi. Pointi zimemgharimu nauli, malazi na siku ambazo ofisi imefungwa. Karani hata hafikiriwi katika hesabu hiyo. Wakati kazi ya Lamu ndiyo inayohitaji darasa zaidi: migogoro ya ardhi ina hati za tangu enzi za Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, karatasi zilizolainika kwa unyevu ambazo zikiskaniwa vibaya mara moja huenda zisivumilie kuskaniwa mara ya pili. Hewa ya chumvi inakula mashine, umeme unakatika katikati ya kupakia hati, na aliyeko kule amejifunza mbinu ambazo sisi wa bara hatuzijui. Karani mmoja wa Amu alinionesha anavyofanya: hati zote anaziandaa bila mtandao, anazihifadhi kwenye diski mbili, moja inabaki ofisini na moja anakwenda nayo nyumbani, halafu alfajiri mtandao ukiwa mwepesi anazipakia zote pamoja kabla ya watu kuamka. Mimi niliyekwenda kumfundisha kuhifadhi nakala nikakuta nakala zimehifadhiwa. Mtu kama huyo asiwe mwanafunzi tu, apewe nusu saa asimame mbele awafundishe mawakili.

Kuhusu gharama sina mengi. Laptopu wanazo, programu nyingi ninazozitaja ni za bure, na chumba chenye meza na soketi za kutosha kinapatikana kwa bei ndogo kuliko ukumbi wa hoteli. Kampuni inayotaka kuuza mfumo iwekewe meza nje, watu waipitie wakati wa chai.

Wakati mzuri ni likizo ya Mahakama Kuu, kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, ofisi zinapopumua kidogo. Malindi kwanza, Lamu wiki inayofuata. Mimi niko tayari kufundisha zote mbili, na posho ya Lamu naweza kuipunguza mkinilipia boti.

Kabla ya hapo kuna jambo dogo mnaloweza kulifanya hata wiki hii. Fomu ya kujiandikisha semina inaanza kwa kuuliza namba ya P.105, ile ya usajili wa wakili, na bila namba hiyo haiendi ukurasa wa pili. Ongezeni chini yake mstari wa jina la karani na namba yake ya simu, na mruhusu usiokuwa na P.105 upite.

Wenu,
Mwalimu wenu wa kompyuta,
Malindi